Kulisha kwa mpira na mlo wa mgonjwa: maswali tunayoulizwa wodini Dodoma

Ukurasa huu nimeuandika kwa ndugu wanaouguza mtu wao, awe bado wodini au ameshapewa ruhusa kurudi Nkuhungu, Bahi, Mvumi au Kongwa akiwa na mpira puani. Maswali ni yale yale ninayoulizwa kila asubuhi, mengi kwa sauti ya chini, kana kwamba kuuliza ni aibu. Si aibu. Ndugu anayeuliza sana ndiye ninayemkabidhi mgonjwa kwa moyo mweupe.

Kabla ya mengine, niseme hili. Wagonjwa wengi wanaoharibikiwa wakiwa na mpira hawaharibikiwi kwa kukosa maziwa ya kopo ya bei kubwa. Wanaharibikiwa kwa haraka yetu: mgonjwa amelazwa chali, uji umesukumwa kwa nguvu, na hakuna aliyetazama kama mpira bado uko mahali pake. Kuyazuia hayo hakuhitaji pesa.

Sista, akishawekewa mpira ndiyo basi tena, hatapona?

Hapana. Hofu hii naiona sana, na kuna familia zinakataa mpira kwa sababu yake, mgonjwa akazidi kudhoofika huku tunabishana. Mpira ni njia ya chakula tu. Anawekewa mtu aliyepata kiharusi na koo halijarudi kazini, aliyepoteza fahamu baada ya ajali ya bodaboda, aliyefanyiwa upasuaji wa kinywa au taya, mwenye saratani ya koo, au mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na nguvu ya kunywa. Wengi wao hutolewa mpira baada ya siku au wiki kadhaa wakaendelea kula wenyewe. Wapo ambao hali zao ni nzito na mpira hautabadilisha mwisho wa ugonjwa. Kwao, mwombeni daktari akae nanyi awaeleze ukweli wote, mwamue pamoja.

Anatuomba uji kwa macho. Kwa nini tusimpe kijiko kimoja tu?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linatoka kwenye upendo. Mama anakaa pembeni ya kitanda na chupa ya chai aliyoibeba toka alfajiri, halafu mimi namwambia asimpe mwanawe hata funda.

Kila mmoja wetu ameshawahi kupaliwa. Maji yanakosea njia, unakohoa mpaka machozi yanatoka, kisha yanaisha. Kile kikohozi ndicho mlinzi wako. Mtu aliyepata kiharusi mara nyingi mlinzi huyo amelala: uji unaingia kwenye njia ya hewa naye hakohoi, hastuki, anakutazama tu. Ninyi mnaona amemeza vizuri. Siku mbili baadaye ana homa, anapumua haraka, kifua kinakoroma, na sasa ana nimonia juu ya kiharusi. Nimonia hii huua wagonjwa wa kiharusi wengi.

Kwa hiyo kabla ya chochote kupita mdomoni, hata vidonge, hata maji ya kumezea vidonge, mgonjwa wa kiharusi apimwe kwanza uwezo wa kumeza. Tunamkalisha wima akiwa macho kabisa, tunampa maji kidogo kidogo kwa kijiko, tunatazama koo linavyopanda, tunasikiliza sauti. Sauti ikilowa, kama mtu anayeongea na maji kooni, tunasimama hapo hapo. Ukiona mgonjwa wako ameletewa chakula kabla hajapimwa, uliza. Una haki ya kuuliza, na muuguzi mzuri atakushukuru.

Mpira unapita wapi, na mnajuaje kama umefika tumboni?

Unapita puani, nyuma ya koo, unashuka kwenye umio hadi tumboni. Kabla ya kuuweka tunaupima juu ya mwili: toka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, toka ndewe hadi chembe ya moyo. Hapo tunaweka alama.

Shida ni kwamba njia ya chakula na njia ya hewa ni majirani. Mpira ukiingia kwenye pafu na uji ukamiminwa humo, mgonjwa anaweza kufa. Zamani wengi wetu tulifundishwa kusukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni kwa kipimo cha masikioni. Nami nilifanya hivyo miaka mingi nikiamini nimefanya vizuri. Njia hiyo hudanganya, kwa sababu mlio unaweza kusikika tumboni hata mpira ukiwa kifuani. Kutumbukiza ncha kwenye glasi ya maji kutafuta mapovu nako hakutegemewi. Kinachotegemewa ni kuvuta majimaji kidogo kupitia mpira na kuyapima asidi kwa karatasi maalumu: pH ikiwa kati ya 1 na 5.5, mpira uko tumboni. Ikiwa juu ya hapo, au yasipopatikana majimaji, inapigwa eksirei ya kifua kabla ya tone lolote kupita. Mgonjwa anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, asidi yake huwa ndogo, hivyo karatasi peke yake inaweza isitoshe.

Kazi ya kuweka mpira ni ya muuguzi au daktari. Hata ukiwa umetuona tukiuweka mara kumi, usijaribu nyumbani.

Nyumbani nitajuaje kwamba haujahama?

Kabla hujaruhusiwa, mwombe muuguzi akuchoree alama ya wino usiofutika pale mpira unapotokea puani, na akuandikie kwenye daftari ni sentimita ngapi. Kila kabla ya kulisha angalia alama. Ikiwa imetoka nje hata kama vidole viwili, usilishe. Mwambie afungue mdomo, tazama kama mpira haujajikunja nyuma ya koo. Kama wodini mlifundishwa kuvuta majimaji na kutumia karatasi ya asidi, fanyeni hivyo pia.

Akitapika sana au akikohoa kwa nguvu, chukulia kwamba mpira unaweza kuwa umehama hadi uthibitishe vinginevyo.

Nionyeshe namna ya kulisha.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mkalishe mgonjwa, au inua kichwa na kifua chake kwa mito na blanketi lililokunjwa mpaka awe ameegemea nusu ya kukaa, nyuzi 30 hadi 45. Mto mmoja chini ya kichwa hautoshi, unakunja shingo tu huku kifua kikibaki kitandani. Anza mgongoni.

Mwambie unachofanya, hata kama hajibu. "Babu, nakuletea uji wa saa nne." Wanasikia zaidi ya tunavyodhani.

Angalia alama. Dondosha uji kwenye upande wa ndani wa kiwiko chako, uwe vuguvugu. Chukua bomba kubwa la mililita 50 au 60, chomoa kisukumio kabisa, ukiweke mahali safi. Bana mpira kwa vidole ili hewa isiingie, chomeka bomba, mimina maji safi yaliyochemshwa mililita 30, achia vidole, yashuke yenyewe. Kisha uji. Liinue bomba kama urefu wa rula ya shule juu ya tumbo lake, uache uzito wa uji wenyewe ufanye kazi. Ukishuka haraka mno, teremsha mkono. Ukikwama, inua kidogo. Jaza tena kabla bomba halijakauka. Mlo mmoja uchukue kati ya dakika 15 na 30. Ukimaliza kwa dakika tano umemharakisha.

Malizia kwa maji mengine mililita 30 kusafisha mpira, funga kifuniko, na mwache amekaa vivyo hivyo kwa saa nzima. Usimgeuze, usimwogeshe, usibadilishe shuka katika muda huo. Mambo hayo yafanyike kabla ya chakula.

Akianza kukohoa, kupumua kwa shida, au midomo kubadilika rangi katikati ya kulisha: bana mpira, acha, na umpeleke hospitali.

Kiasi gani, mara ngapi?

Mtaalamu wa lishe ndiye atakayeandika kiasi cha mgonjwa wako. Ila ujue hesabu inavyokwenda. Mtu mzima huhitaji karibu kilokalori (kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula) 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na maji mililita 30 hadi 35 kwa kilo, isipokuwa mwenye moyo au figo aliyewekewa kikomo. Mzee wa kilo 60 anahitaji basi kilokalori 1,500 hadi 1,800. Ukimpa uji mwepesi wa sembe na sukari, ule unaopita kwenye mpira kama maji, atapata sehemu ndogo tu ya hizo, na utashangaa mbona analishwa mara sita na bado mbavu zinahesabika.

Kwa kawaida tunagawa mara tano au sita, kila baada ya saa tatu, mililita 250 hadi 300 kwa mlo. Usiku mwacheni alale.

Lazima maziwa ya kopo? Hatuna uwezo huo.

Yakiwepo ni mazuri: vipimo vyake vinajulikana na hayazibi mpira. Yasipokuwepo, chakula cha nyumbani kinaweza kufanya kazi kikipikwa kwa akili. Huu ndio mchanganyiko ninaowafundisha ndugu wa mgonjwa asiye na kisukari wala ugonjwa wa figo, kwa lita moja:

Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, nusu lita. Unga wa dona au uwele uliochekechwa vizuri, gramu 60, yaani karibu vijiko sita vya chakula. Mayai mawili yaliyochemshwa mpaka yakaiva kabisa. Mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya chakula. Sukari, vijiko viwili vya chakula. Chumvi yenye madini joto, kidogo tu. Maji ya kufikisha lita. Pika uji kwanza uive barabara, saga vyote kwenye blenda, chuja mara mbili kwa chujio la chai. Hapo lita moja inakupa karibu kilokalori 1,000. Mafuta ya alizeti peke yake yanachangia zaidi ya 200, na hapa kwetu na Singida alizeti si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Shida itakayokupata ni uzito. Unga ukiwa wa kutosha, uji unakuwa mzito na hautaki kushuka. Ukiuongezea maji, unapunguza nguvu yake. Dawa yake iko jikoni kwa bibi zetu: kimea. Mwaka 1983 watafiti wa hapa Tanzania walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa unavyolainisha uji mzito wa watoto bila kupunguza nguvu yake, na kwenye mpira husaidia vilevile. Ulezi uliooteshwa, ukakaushwa juani, ukasuguliwa vichipukizi vikatoka, ukasagwa. Ukishapika uji mzito, uipue, uache upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe, subiri dakika kumi. Utauona unavyolegea mbele ya macho yako, kijiko kilichosimama kinaanguka ubavu. Kisha rudisha jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea kibichi kina vijidudu. Usitie kimea uji ukiwa unatokota, kimeng'enya chake kitakufa na hutaona mabadiliko. Natumia ulezi na si mtama kwa makusudi, maana vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi.

Sasa kuhusu "unga wa lishe" wa mchanganyiko wa vitu kumi: mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga. Mimi sishauri. Karanga ndani ya unga huchacha mapema, soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri huzuia mwili kutumia protini, na kitu kimoja kibovu huharibu gunia zima. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huo hupenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, na sumu yake haifi kwa kuchemsha. Mgonjwa aliyelala kitandani anakula unga ule ule kila siku, mara sita. Nunua nafaka punje, chambua kwa mkono, tupa yenye rangi au iliyosinyaa, kisha peleka mashine.

Kuhifadhi: joto la Dodoma la Oktoba na Novemba halina huruma. Chakula kilichosagwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Kwenye friji kisizidi saa 24. Kama hakuna friji, pika cha mlo mmoja kwa wakati. Ni kazi kubwa, najua. Gawaneni zamu.

Usipitishe maziwa mgando, juisi yenye nyuzi, wala supu ambayo haijachujwa.

Hajala wiki mbili. Tumjaze haraka arudishe nguvu?

Hapana, na hapa naomba mnisikilize sana. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umejifunza kuishi kwa kidogo. Ukiumiminia chakula kingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanashuka kwenye damu kwa kasi, moyo unayumba, pumzi inakata. Madaktari waliliona hili baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale wafungwa waliookolewa wakiwa mifupa mitupu walipopewa chakula kingi kwa mara moja na baadhi wakafariki. Kwa mtu aliyekaa zaidi ya siku kumi bila kula chochote cha maana, tunaanza na karibu kilokalori 10 kwa kilo kwa siku, tunampa vitamini B1 kabla, tunapima damu, tunapandisha taratibu kwa siku nne hadi saba. Ukiona tunampa mililita 100 tu siku ya kwanza, usidhani tunamnyima.

Dawa zake zinapitaje?

Uliza kama ipo ya maji. Ya vidonge, saga kimoja kimoja mpaka iwe vumbi, koroga na maji, pitisha peke yake, maji kidogo, kisha nyingine. Usichanganye dawa na uji. Vidonge vinavyotoa dawa polepole au vyenye ganda la kuvuka tumbo havisagwi kabisa: ukivisaga, dawa ya siku nzima inaingia kwa mara moja. Anayetumia phenytoin kwa kifafa, chakula kisimamishwe saa moja hadi mbili kabla na baada, la sivyo dawa inashikwa na chakula na degedege linarudi.

Mpira umeziba.

Vuta kwanza kwa bomba kuondoa kilichopo juu. Weka maji ya uvuguvugu, sukuma na vuta polepole, yaache dakika 15 au 20, rudia. Usitumie soda wala juisi, asidi yake hugandisha maziwa ukazidi kuziba. Usiingize waya, na usisukume kwa nguvu zote, mpira unaweza kupasuka ndani. Ikishindikana, njoo hospitali. Karibu mara zote sababu ni maji ya kusafishia yaliyorukwa.

Mpira umetoka usiku.

Usiurudishe. Asipewe chochote mdomoni. Njooni asubuhi mapema. Kama anatumia insulini, njooni usiku ule ule.

Anaharisha. Au hapati choo siku ya tano.

Kuharisha watu hulaumu uji, lakini angalia kwanza usafi wa vyombo na bomba, chakula kilichokaa, kilichopita haraka au cha baridi, na dawa za maji zenye sukari bandia, au antibiotiki. Bomba lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya mlo, likauke juu ya kitambaa safi, libadilishwe likianza kukwama au kufubaa. Akiharisha zaidi ya mara tatu kwa siku, mpe maji ya ORS kupitia mpira na umlete. Choo kigumu mara nyingi ni maji kidogo. Papai bivu lililosagwa na kuchujwa husaidia.

Kwa kuwa hali kwa mdomo, ana haja ya kupigwa mswaki?

Ana haja kuliko wewe. Mdomo usiotafuna hukauka, hujaa utando na vijidudu, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyoshuka kifuani. Asubuhi, mchana na jioni: mswaki laini au kitambaa safi kilicholoweshwa, meno, ulimi, ndani ya mashavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa na kugeuzwa pembeni. Mafuta kidogo kwenye midomo. Plasta ya puani ibadilishwe kila siku, na mpira usukumwe upande kidogo usikandamize ukingo wa tundu la pua. Nimeona vidonda vya pua ambavyo vingezuilika kwa plasta tu.

Mpira ukae muda gani?

Ule wa kawaida wa plastiki, siku saba hadi kumi, kisha ubadilishwe, maana hukakamaa. Ule laini wa silikoni unaweza kukaa wiki nne hadi sita. Ikionekana mgonjwa atahitaji zaidi ya mwezi, muulizeni daktari kuhusu mpira wa tumboni, unaopitishwa kwenye tundu dogo la ngozi moja kwa moja hadi tumboni. Tangu madaktari wa Cleveland, Marekani, walipochapisha mwaka 1980 njia ya kuuweka kwa kamera bila kupasua tumbo, umekuwa wa kawaida sehemu nyingi. Haumkeri puani na ni rahisi kuuficha chini ya nguo, jambo ambalo kwa mtu anayetaka kukaa barazani na wenzake lina thamani kubwa.

Ana kisukari. Atakula ugali wa uwele tu?

Ugali wa uwele au mtama una nyuzi nyingi kuliko sembe na hupandisha sukari taratibu zaidi, lakini kiasi ndicho kinachoamua. Sahani igawanywe: nusu mboga, robo ugali, robo maharage, kuku, samaki au nyama. Zabibu zetu ni tamu kweli, punje 15 hivi zinatosha kuwa tunda la wakati mmoja.

Akiwa na mpira, uji laini uliochujwa hupandisha sukari upesi, kwa hiyo ule mchanganyiko wa juu hauhusiki hivyo ulivyo: sukari itoke, maziwa na mayai yabaki, na vipimo vipangwe na mtaalamu wa lishe. Na kamwe insulini isichomwe kama mlo haupo tayari mkononi. Mpira ukiziba baada ya sindano, sukari itaporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mpira ukiwa mzima na mahali pake, mpitishie vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, na umkimbize hospitali.

Ana presha, tumeacha chumvi kabisa, mbona haishuki?

Nawauliza: mlenda mnapika na nini? Hapo kimya kinatanda. Magadi ni chumvi nyingine ya sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha na kuvimbisha miguu. Familia imeficha kopo la chumvi kabatini huku bonge la magadi likitumbukizwa sufuriani kila jioni. Vivyo hivyo vidonge vya supu, samaki wakavu wa chumvi, na baadhi ya visima vyetu vyenye maji ya chumvichumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja, vyote vikiwa ndani yake. Mlenda hupikika bila magadi: utachukua muda kidogo kulainika, limao na karanga za kutwanga zitaleta ladha.

Na mwenye figo?

Kwake naomba msifuate ushauri wa jirani. Potasiamu hubaki mwilini na inaweza kusimamisha moyo. Ubuyu, ambao hapa tunawapa wagonjwa wote kwa nia njema, una potasiamu nyingi sana. Vivyo hivyo zabibu kavu, parachichi, ndizi, nyanya na mchicha. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya presha nyingi ni potasiamu tupu. Mboga na viazi vyake katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, yamwage, kisha unga. Ni kinyume cha tunavyofundisha watu wengine wote, najua. Kiasi cha protini hutofautiana sana kati ya anayesafishwa damu na asiyesafishwa, hapo muulizeni daktari wake.

Mtoto wetu amewekewa mpira wodi ya utapiamlo. Mbona maziwa ni mepesi hivyo?

Yale ya mwanzo ni F-75, yana kilokalori 75 kwa mililita 100, hupewa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mwili wake hauwezi kubeba zaidi kwa sasa, sababu ni ile ile ya mtu aliyekaa na njaa. Anawekewa mpira asipofikisha asilimia 80 ya maziwa aliyopangiwa kwa milo miwili au mitatu mfululizo. Uvimbe ukianza kushuka na hamu kurudi, atahamia F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au chakula dawa cha pakiti. Mama, endelea kumnyonyesha, na usimwongezee uji wa pembeni.

Mgonjwa wetu ni Mwislamu na Ramadhani imefika.

Kurani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Wengi kutoka Kondoa huniuliza hili wakiwa na uchungu, na mashehe waliokuja wodini wamewatuliza. Mlo wa mpira na dawa viendelee kwa saa zake, mambo ya kulipa siku au fidia muulizeni shehe wenu.

Mpira utatolewa lini?

Akiwa macho kwa muda mrefu, anakaa, anameza mate yake bila kudondoka, anakohoa kwa nguvu, na amefaulu kipimo cha kumeza. Hatuutoi siku ya kijiko cha kwanza. Anaanza kwa vitu vizito na laini, kwa sababu maji hukimbia kabla koo halijajiandaa, ilhali chakula kizito kidogo hushuka polepole. Kijiko cha chai, kidevu kikiwa kimeinamishwa, ameze, ameze tena, ndipo kijiko kingine. Mpira unabaki kujazia kile asichofikisha, mpaka atakapoweza kula sehemu kubwa ya mahitaji yake kwa mdomo siku mbili tatu mfululizo.

Nakumbuka babu mmoja wa upande wa Bahi, wiki ya tano baada ya kiharusi. Binti yake alikuwa amemletea uji wa ulezi wenye maziwa, mlaini, umechujwa. Babu alikimeza kijiko, akatulia, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza kwa sauti iliyokwaruza, neno lake la kwanza refu tangu aletwe: "Mlenda uko wapi?" Siku ya pili binti alikuja na kibakuli, umepikwa bila magadi, na nusu ya kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Alikula vijiko tisa. Nilivihesabu na kuviandika kwenye faili.